Maneno ya Kiingereza "depilate" na "epilate": yanatofautianaje, na tuyaandike vipi kwa Kiswahili?

MfasiriTanga aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninatafsiri kijitabu cha mafunzo ya urembo kwa ajili ya chuo cha ufundi, na nimekwama kwenye maneno mawili ya Kiingereza yanayofanana sana, "depilate" na "epilate", pamoja na nomino zake "depilation" na "epilation". Katika kamusi nilizo nazo, pale yanapotajwa, yote mawili hupewa maelezo yale yale ya "kuondoa nywele", na kwa kurasa nyingi za kijitabu maelezo hayo yalinitosha bila shida yoyote.

Shida imeanza kwenye sura ya matibabu ya leza. Hapo mteja anaambiwa asifanye "epilation" kwa wiki nne kabla ya matibabu, kisha sentensi inayofuata inamtaka anyoe siku moja kabla. Nikitumia "kuondoa nywele" katika sentensi zote mbili ninapata agizo hili: "Mteja asiondoe nywele kwa muda wa wiki nne kabla ya leza, lakini aondoe nywele siku moja kabla ya leza." Hakuna mwanafunzi atakayeelewa agizo la namna hiyo, na akilielewa vibaya, atakayeumia ni mteja.

Naomba kujua mambo mawili. Je, tofauti ya maneno haya ni ya kweli, au ni hiari tu ya mwandishi wa Kiingereza? Na je, Kiswahili kina jozi ya vitenzi inayoweza kuibeba tofauti hiyo bila kulazimika kuandika maelezo marefu kila mahali?

MwalimuWaLugha alijibu:

Ndugu MfasiriTanga, tofauti ipo, na maumbo ya maneno yenyewe yanaidokeza. Yote mawili yamejengwa juu ya neno la Kilatini "pilus", yaani unywele. Kiambishi "de-" huonyesha kuondoa kitu mahali kilipo, ilhali "e-", ambacho ni ufupisho wa "ex-", huonyesha kutoa kitu ndani na kukileta nje. Katika matumizi ya wataalamu wa ngozi na wa urembo, "depilation" ni kuondoa ile sehemu ya unywele iliyo juu ya ngozi huku mzizi ukibaki, na "epilation" ni kuutoa unywele mzima pamoja na mzizi wake, au kukiharibu kinyweleo kinachouotesha. Kwa kifupi, la kwanza ni kufyeka na la pili ni kung'oa.

Hata hivyo, ningekuomba usiuamini Ulatini huo kupita kiasi, kwa sababu Kiingereza cha kawaida hakiuheshimu. Neno "depilate" ni la zamani, limo katika Kiingereza tangu karne ya 16, na kwa muda mrefu lilimaanisha kuondoa nywele kwa njia yoyote ile. Neno "epilate" liliingia karne ya 19 kutoka Kifaransa, ambako "épiler" ndicho kitenzi cha kila siku. Wasomaji wetu wa Bukavu na Bujumbura watakumbuka kwamba Kifaransa nacho husema "épiler" kwa nyusi na miguu, lakini kikifika kwenye krimu ya kuyeyusha nywele kinasema "crème dépilatoire". Mgawanyo tunaouzungumzia umewekwa na watu wa fani, na nje ya fani maneno haya bado yanachanganywa hadi leo.

Kuna mfano mmoja unaonivutia sana, kwa sababu ulifika mahakamani. Mwaka 1986 kilitoka Israel kifaa cha umeme kilichoitwa Epilady. Ndani yake mlikuwa na springi ya chuma iliyopindwa mfano wa upinde, ikizunguka kwa kasi kubwa. Upande mmoja mapindo ya springi yalifunguka na nywele zikaingia, upande wa pili yakajifunga na kuzing'oa. Jina la biashara lilikuwa sahihi, kwa maana kifaa kiling'oa kutoka kwenye mzizi. Lakini katika hati ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi inayolindwa na sheria, kifaa hicho hicho kiliitwa kifaa cha umeme cha "depilatory". Kampuni ya Remington ilipotoa kifaa chake, kilichotumia mpira wenye mikato mahali pa springi, kampuni ya Improver, iliyokuwa na hataza ya Epilady, iliishtaki kwa kuvunja hataza hiyo. Huko Uingereza, mwaka 1989, Jaji Hoffmann aliamua kwamba hataza haikuvunjwa. Mahakama ya Ujerumani ikaamua kinyume chake. Ubishi wao ulihusu springi na mpira, wala hakuna aliyeshughulika na neno "depilatory", ijapokuwa kwa kipimo cha wataalamu wa leo lilikuwa limekaa mahali pasipo pake.

Kwa mfasiri, funzo la kazi ni kwamba ukikutana na "depilate" katika maandishi ya Kiingereza usikimbilie kuandika "kunyoa". Soma kwanza ni chombo gani kinatumika, halafu utafsiri kitendo chenyewe. Neno "epilate" lina uthabiti zaidi, kwa kuwa karibu kila mara mzizi unahusika.

Kuhusu jozi ya Kiswahili, ninapendekeza "kunyoa" na "kung'oa".

FundiWaSaluniMombasa alijibu:

Nimefurahi kuliona swali hili, kwa sababu ndilo ninalolieleza kwa wanagenzi wangu kila wanapoanza, ingawa sisi hatutumii maneno hayo ya Kiingereza. Tunauliza tu: mzizi umebaki au umetoka? Kila kitu kingine hufuata jibu la swali hilo, yaani muda wa nywele kurudi, maumivu, matayarisho ya ngozi, na makatazo.

Wembe, mkasi na mashine ya kunyolea vinakata juu, na mzizi unabaki. Waksi, sukari iliyopikwa kwa ndimu, uzi, kibanio na ile mashine aliyoieleza Mwalimu vinatoa unywele na mzizi wake. Anayenyoa huanza kuhisi vijinywele baada ya siku chache tu, ilhali aliyefanya waksi hukaa wiki tatu hadi sita. Kwa upande mwingine, waksi inahitaji nywele zilizorefuka kiasi cha nusu sentimita, vinginevyo nta haipati cha kushika, na ndiyo sababu tunamwambia mteja wa waksi asinyoe kabla ya kuja. Mteja wa leza tunamwambia kinyume kabisa. Mtu anayepokea maagizo hayo mawili kutoka saluni moja atadhani tunajipinga, kama hatukumweleza sababu.

Sababu ya leza ndiyo hii. Mwanga wa leza hufuata weusi ulio ndani ya unywele, hugeuka joto humo, na joto hilo ndilo linalokiunguza kinyweleo. Unywele ukiwa umeng'olewa kwa waksi, mwanga hauna cha kufuata, na mteja amelipa bure. Unywele ukiwa umeachwa mrefu juu ya ngozi, joto linakusanyika nje na ngozi inaungua. Kwa hiyo tunataka unywele uwepo chini ya ngozi na usiwepo juu yake, na hali hiyo huipati ila kwa kunyoa. Kwa ngozi zetu nyeusi uangalifu unazidi, kwa kuwa ngozi yenyewe ina weusi ule ule unaovuta mwanga. Leza ya mawimbi ya nanomita 1064 ndiyo inayopendekezwa, kwani haivutwi sana na weusi wa juu ya ngozi na hupenya zaidi.

Sasa nina neno juu ya pendekezo la Mwalimu. "Kunyoa" hakutoshi kubeba "depilation", kwa sababu krimu nayo iko upande huo huo na haihusiani na wembe. Krimu hizi huwa na chumvi za asidi ya thayoglikoliki, pamoja na alkali kali kama haidroksidi ya kalsiamu. Alkali huututumua unywele, na ile asidi hukata vifungo vya salfa vinavyoishikilia keratini, ile protini inayoujenga unywele, hadi unywele unakuwa kama uji na kufutika kwa kitambaa. Waliofanya kazi ya saluni miaka ya 1980 watalikumbuka jina hilo, kwani dawa za familia hiyo hiyo ndizo zilizokuwa zikikunja nywele, zile tulizoziita kalikiti, isipokuwa hizo zilipimwa zilegeze vifungo bila kuumaliza unywele. Ngozi nayo ina keratini, kwa hiyo krimu ikizidishiwa dakika zilizoandikwa kwenye kopo huanza kuila ngozi. Mteja akisoma "kunyoa kwa krimu" hatapata onyo lolote la jambo hilo.

Nyusi nazo zitakusumbua. Sisi tunasema "kutinda nyusi", na kitenzi hicho hakisemi mzizi umetoka au umebaki. Mtu anaweza kutinda kwa wembe, na mwingine akatinda kwa uzi uliosokotwa kati ya vidole na meno. Kwa Kiingereza hayo ni maneno mawili tofauti, na kwa Kiswahili ni moja. Ukikuta "epilate" kwenye sura ya nyusi, usiandike "kutinda" peke yake. Taja uzi au kibanio.

Jambo jingine ambalo lisikose kijitabuni ni kwamba mteja anayetumia dawa za chunusi zenye retinoidi hafai kufanyiwa waksi, kwa sababu ngozi yake imekuwa nyembamba na inaweza kubanduka pamoja na nta. Na wale wanaoogopa wembe wakiamini kwamba unanenepesha nywele wapewe ukweli. Mtafiti Mildred Trotter alipima jambo hili na kuchapisha matokeo yake mwaka 1928, akaonyesha kwamba kunyoa hakubadilishi unene wala kasi ya kuota. Kinachohisiwa kuwa kigumu ni ncha iliyokatwa butu.

MuuguziWaMachoDodoma alijibu:

Ningependa kuongeza upande wa hospitali, kwa kuwa huko neno "epilation" halina utata wowote, na kulitafsiri vibaya kunaweza kumharibia mtu jicho.

Mgonjwa wa vikope, yaani trakoma, akiambukizwa mara kwa mara tangu utotoni hupata makovu ndani ya kope la juu. Makovu hayo huvuta ukingo wa kope kuelekea ndani, na nywele zake zikaanza kukwaruza kioo cha jicho kila mgonjwa anapopepesa. Ukitazama kwa tochi na lenzi ya kukuzia unaziona zimelala juu ya jicho lenyewe, na nyingine zimekatika katikati kwa sababu mgonjwa amejaribu kuzipunguza mwenyewe nyumbani. Tiba ya msingi ni upasuaji wa kuugeuza ukingo wa kope. Mgonjwa mwenye nywele chache zinazogusa jicho, au anayeukataa upasuaji, hufanyiwa "epilation", yaani kung'olewa nywele hizo moja moja kwa kibano chenye ncha bapa, na hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa zinapoota tena. Utafiti uliofanywa Ethiopia na kuchapishwa mwaka 2011, uliolinganisha njia hizo mbili kwa wagonjwa wenye nywele chache, haukuona tofauti kubwa katika uwezo wa kuona, ingawa waliong'olewa walikuwa na nywele zinazogusa jicho kwa wingi zaidi kuliko waliopasuliwa.

Hapa kukata ni hatari. Unywele wa kope uliokatwa kwa mkasi huacha kisiki kifupi na kigumu, na kisiki hicho hukwaruza kuliko unywele mrefu unaopinda. Kwa hiyo nikiona karatasi ya maelekezo imeandika "punguza kope" au "nyoa kope" mahali pa "epilation", siwezi kuiruhusu imfikie mgonjwa. Katika kliniki tunasema "kung'oa kope", na wazee wa Kongwa na Mpwapwa wanatuelewa mara moja, kwa kuwa wengi wao wamekuwa wakifanya hivyo kwa vibano vya kienyeji kabla hata ya kutufikia.

Fundi wa Mombasa amezungumzia leza. Huenda akapenda kujua kwamba njia iliyoitangulia leza, ile ya kuua mzizi kwa umeme, ilitoka kwetu sisi wa macho. Mwaka 1875 Charles Michel, daktari wa macho huko St. Louis, Marekani, alieleza jinsi alivyopitisha umeme kwenye sindano nyembamba iliyoingizwa katika kinyweleo cha kope linaloota ndani, ili unywele usirudi tena. Saluni ziliichukua baadaye. Njia hiyo nayo iko upande wa "epilation", na hapo "kung'oa" kwa Mwalimu kunapungukiwa kidogo, kwa sababu kazi inafanywa na umeme na unywele unateleza tu ukitoka.

MkaaziWaUnguja alijibu:

Kwa wasomaji Waislamu jozi hii si ngeni hata kidogo. Katika hadithi ya mambo matano ya fitra, yaani usafi wa kimaumbile, iliyomo katika Bukhari na Muslim, nywele za kwapani zimetajwa kwa neno "natf", ambalo ni kunyonyoa, na nywele za sehemu za siri zimetajwa kwa neno linalotokana na chuma, yaani kutumia wembe. Mambo hayo mawili yako katika sentensi moja, na kila moja limepewa kitenzi chake. Imamu Nawawi amenukuu kwamba Imamu Shafi akinyolewa kwapa na kinyozi alisema kuwa anajua sunna ni kunyonyoa, lakini hawezi kuyastahimili maumivu. Sisi wa pwani tulio katika madhehebu yake tumeusikia mgawanyo huu darsani tangu utoto.

Kwa hiyo ninampendekezea Ndugu MfasiriTanga kitenzi "kunyonyoa". Kinahusu nywele na manyoya tu, wakati "kung'oa" ni kwa meno, miti na misumari pia. Vilevile "kunyoa" na "kunyonyoa" yanakaribiana kwa sauti kama yanavyokaribiana yale ya Kiingereza.

MwalimuWaLugha alijibu:

Ninalikubali pendekezo la Unguja kuliko langu, na nina sababu moja zaidi. Kiingereza cha tiba hutumia "epilation" hata pale ambapo hakuna aliyeshika kibano. Walionusurika na mabomu ya Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, ambao nywele zao zilitoka zenyewe siku chache au wiki kadhaa baada ya kupigwa na mnururisho, waliandikwa katika kumbukumbu za madaktari kuwa wamepata "epilation", na hadi leo watafiti wa mnururisho huitumia dalili hiyo. "Kung'oa" hakufiki huko, lakini Kiswahili kina "kunyonyoka", na kila mmoja wetu husema "nywele zimenyonyoka" bila kufikiri mara mbili. Mzizi mmoja wa Kiswahili unabeba maana zote mbili za neno moja la Kiingereza, ile ya kutendwa na mtu na ile ya kutokea yenyewe.

Kwa kope, hata hivyo, ningemwachia Muuguzi "kung'oa" yake, kwa kuwa wagonjwa wake wamekwisha kuizoea.

MfasiriTanga aliandika:

Ninawashukuru nyote. Nimeamua kutumia "kunyonyoa" kwa "epilate" kote kijitabuni, na kwa "depilate" nitaandika "kuondoa nywele juu ya ngozi" panapozungumzwa njia zote kwa pamoja, "kunyoa" panapotajwa wembe au mashine, na "kuyeyusha nywele kwa krimu" panapohusika. Mkuu wa chuo ana wasiwasi kwamba "kunyonyoa" kutawakumbusha wateja kuku. Nimemjibu kwamba kitabu ni cha mafundi, na fundi anahitaji neno lisilompotosha kabla ya neno la kumbembeleza mteja.

Agizo la leza sasa linasomeka hivi: "Kwa muda wa wiki nne kabla ya matibabu ya leza, mteja asinyonyoe nywele za sehemu itakayotibiwa. Siku moja kabla ya matibabu, azinyoe."

FundiWaSaluniMombasa alijibu:

Agizo limenyooka, ila tafadhali taja vyombo. Mwanafunzi mgeni hajui kwamba uzi unanyonyoa, na wapo wanaodhani kwamba sukari ya ndimu, kwa kuwa inapikwa jikoni, haihesabiwi pamoja na waksi. Andika hivi: "asinyonyoe kwa waksi, sukari, uzi, kibanio wala mashine ya kunyonyolea." Na kwenye sentensi ya pili andika "azinyoe kwa wembe safi au mashine", usiache nafasi ya krimu, kwa maana ngozi iliyopakwa krimu jana bado ina ukali wa alkali, na hiyo si ngozi ya kupigwa leza leo.

MfasiriTanga aliandika:

Nimerekebisha kama ulivyosema, dada. Sura ya nyusi nitaipitia upya usiku wa leo, na kila penye "kutinda" nitataja kama ni kwa uzi, kibanio au wembe.